Vipande Sitini na Vitatu vya Kimya

Pale redioni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Wembe, na hata kwenye ratiba ya zamu iliyobandikwa mlangoni waliandika hivyo hivyo: Bi Wembe, asubuhi mpaka saa tisa. Kazi yake ilikuwa kukata tepu. Siku hizo sauti ilirekodiwa kwenye utepe wa kahawia, mwembamba kuliko kidole, unaotoka gurudumu moja kwenda jingine. Ukitaka kumwondolea mtu kikohozi, ilibidi ukitafute kwa masikio, ukiwekee alama kwa penseli nyeupe, uulaze utepe kwenye kipande cha chuma chenye mfereji, ukate mshazari kwa wembe, kisha uunge ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Kikohozi unabaki nacho mkononi, urefu wa shibiri moja.

Bi Wembe alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, na hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua anajua. Kuna mheshimiwa mmoja alihojiwa nusu saa nzima akisema "eee" kila baada ya neno la tatu. Bi Wembe alimtoa "eee" mia moja na tisa, na mheshimiwa alipojisikia hewani alikuja mwenyewe ofisini kuomba nakala, amsikilizishe mkewe, kwa sababu nyumbani hawaamini kwamba anaweza kumaliza sentensi. Watangazaji walimwogopa kidogo. Akikutazama huku unaongea, unahisi anakuhesabia pumzi zako za ziada.

Adui yake mkubwa alikuwa kimya. Redioni kimya ni aibu. Sekunde nne zikipita bila sauti, kengele inalia kwenye chumba cha mitambo, mkuu wa vipindi anatoka mbio koridoni na kiatu kimoja, na msikilizaji huko aliko ameshazungusha kitufe kwenda kituo kingine. Kwa hiyo Bi Wembe alikuwa akikiona kimya anakifyeka, bila kuuliza kimetoka wapi.

Kulikuwa na utaratibu wa vipande. Ulichokata katikati ya kipindi hukitupi mpaka kipindi kirushwe, maana huenda mtu akakitaka tena. Lakini mkia, yaani utepe unaobaki baada ya sauti ya mwisho, haukuwa na mwenyewe. Bi Wembe aliipeleka mikia nyumbani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, na aliitumia kufungia nguo zilizokwisha. Wateja waliipenda. Ilikuwa inang'aa.

"Mimi nakata vitambaa, mke wangu anakata maneno ya watu," alikuwa akiwaambia. "Ila mimi nikikosea, suruali inasema."

Basi, Jumatatu moja Bi Wembe alikuta mezani gurudumu la tepu na kikaratasi chenye mwandiko wa mkuu wa vipindi: "Safisha. Jumapili saa kumi." Ilikuwa ni rekodi ya piano peke yake, vipande kumi na viwili vilivyotungwa na kupigwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha piano miaka thelathini. Mwalimu alirekodi mwaka uliopita, kwenye studio ya pili, kabla baridi yabisi haijamkaza vidole. Tepu zilikuwa adimu, kwa hiyo nakala haikuwepo. Hiyo iliyokuwa mezani ndiyo hiyo hiyo.

Bi Wembe alivaa hedifoni akasikiliza. Huo ulikuwa muziki wa aina mpya, usio na wimbo wa kushika wala mdundo wa kutikisia mguu. Noti mbili, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa. Halafu hakuna kitu. Hakuna kitu kwa muda mrefu. Halafu kishindo cha noti sita kwa pamoja, zinagombana, na tena hakuna kitu.

"Maskini," alisema peke yake. "Mwalimu wa watu amesahau, anatafuta pa kuendelea."

Akamhurumia. Na huruma ya Bi Wembe ilikuwa ni kazi. Siku mbili alikata kila mahali mwalimu aliposimama, akivikunja vipande kama pete na kuvitia kwenye boksi la viatu, na mkia akaupeleka nyumbani kama kawaida. Rekodi iliyokuwa ya dakika arobaini na moja ikabaki dakika thelathini na moja. Ilikuwa inaenda, bwana! Noti zilikuwa zinafuatana kama watoto wa shule waliosikia kengele ya chakula. Hakuna kiungo hata kimoja kilichosikika. Aliporudisha hedifoni kwenye msumari, Bi Wembe alijiona fundi kweli.

Jumatano mwalimu akaja kusikiliza. Alikuwa mama mrefu aliyekula chumvi nyingi, mkoba umening'inia kwenye kiwiko kwa sababu vidole havikuweza kuushika. Bi Wembe alimpa kiti kizuri, akawasha mashine, akakaa pembeni akisubiri shukrani.

Mwalimu alisikiliza dakika tatu. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Huyu anayepiga, nani anamfukuza?"

"Samahani, Mwalimu?"

"Anakimbia. Hapumui. Ni nani huyo anayemfukuza?"

"Nimekusafishia, Mwalimu," Bi Wembe alisema, kifua mbele. "Palipokuwa patupu nimepaondoa. Dakika kumi nzima!"

Mwalimu akafungua mkoba kwa viganja viwili, akatoa karatasi za muziki wake, akazilaza mezani. Hata Bi Wembe ambaye hakujua kusoma noti aliweza kusoma tarakimu. Juu ya kila nafasi nyeupe palikuwa na namba iliyoandikwa kwa wino: 7, 11, 9, 7, 14.

"Hizi ni sekunde," mwalimu alisema. "Sikusahau, mama. Niliandika. Piano ukishaipiga haikomi hapo hapo, inaendelea kulia, inapungua, inapungua, mpaka inakwisha. Huko kupungua ndiko nilikotungia. Noti ni za kuanzishia tu."

Damu ilimpanda Bi Wembe usoni, na damu ikimpanda huwa anaongea. "Sasa mngeandika kwenye kikaratasi! Kikaratasi kimesema safisha, mimi nimesafisha. Mimi ni mchawi nijue moyo wa mtu?"

Mwalimu aliweka mikono yake mezani, akajaribu kuvinyoosha vidole. Vilisogea kidogo, vikagoma. "Ningekuwa na vidole ningerudia," alisema, "wala tusingesumbuana. Basi. Mwambie mkuu asiirushe. Afadhali wasinisikie kabisa kuliko wanisikie hivi."

Bi Wembe aliona aibu. Tuseme ukweli ulivyo: miaka ishirini na miwili hakuwahi kuona aibu kazini, hakujua hata inaanzia wapi. Aliitazama ile mikono juu ya meza. Yeye mwenyewe mkate wake ni vidole.

"Mwalimu, vipande ninavyo vyote," alisema. "Viko kwenye boksi. Rudi Jumamosi saa nne asubuhi."

"Utavijuaje? Vyote ni kimya."

"Nitavijua. Niachie hizo karatasi tu."

Mkuu wa vipindi alipoambiwa, macho yalimtoka pima. "Bi Wembe, unajua unaloniambia? Sekunde kumi na moja za kimya hewani? Kengele ya mitambo italia mpaka ipasuke!"

"Izime."

"Nikuzimie kengele?"

"Jumapili saa kumi, kwa dakika arobaini na moja. Au nenda wewe ukamwambie mwalimu kuwa muziki wake umekuzidi urefu."

Mkuu alienda kuzungumza na watu wa mitambo, shingo upande.

Alhamisi Bi Wembe alijifunga kibwebwe. Alivimwaga vipande mezani, akavihesabu: sitini na vitatu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na alama, maana nani anaandika jina kwenye kitu cha kutupwa? Alianza kwa rula. Utepe ulikuwa unakwenda sentimita thelathini na nane kwa sekunde moja, kwa hiyo kila kipande kilijitaja urefu wake, na karatasi za mwalimu zilitaja urefu unaotakiwa. Kile cha sekunde kumi na nne kilikuwa kimoja tu, kikapata kwao mara moja. Viwili vya kumi na mbili vilifuata. Lakini vya sekunde saba vilikuwa kumi na tisa, na mwalimu hakuwa saa ya ukutani. Kingine kilizidi kidogo, kingine kilipungua. Rula ikaishia hapo.

Ikabidi asikilize. Aliweka kipande cha kwanza kwenye mashine, akapandisha sauti mpaka mwisho. Alisikia mchakacho wa tepu, basi. Akarudisha. Safari ya tatu, chini ya ule mchakacho, akasikia kitu kinaondoka. Ilikuwa noti nzito, ya upande wa kushoto wa piano, imeshapigwa zamani na sasa inakwenda zake, na ndani yake noti nyingine nyembamba inayotangulia kuisha. Bi Wembe alivua hedifoni akaitazama. Alikuwa ameshakata maelfu ya hivi. Hakuwahi hata siku moja kupandisha sauti asikie anachokata.

Toka hapo kazi ikanoga. Mikono haikuwa na wasiwasi, mikono ilijua. Masikio ndiyo yaliyorudi darasa la kwanza, nayo yakasoma haraka. Aligundua kwamba mwalimu huvuta pumzi kwa pua kabla ya noti za juu, na kabla ya noti za chini havuti. Aligundua kiti kinacholia kila anapoegemea kushoto. Aligundua kwamba kuanzia kipande cha saba cha muziki, mvua ilikuwa imeanza nje ya studio, mvua ndogo ambayo hakuna mtu aliyeisikia kwenye rekodi, na hapo akagawa pete zake mafungu mawili: zenye mvua na zisizo na mvua. Alipata ushindi mkubwa pale. Mara moja aliunga kipande kinyume, mbele nyuma, na badala ya sauti kufifia ikawa inaota kutoka chini na kuja juu kama mtu anayepanda ngazi. Alicheka peke yake mpaka mkuu akachungulia kwenye kioo kuona kama yuko salama.

Ijumaa saa nane mchana kipande cha sitini na tatu kikaingia mahali pake. Bi Wembe alinyoosha mgongo, akafungua ukurasa wa mwisho kuhakikisha. Baada ya noti za mwisho kabisa, noti nane zinazopigwa kwa pamoja, palikuwa na nafasi nyeupe na namba kubwa kuliko zote: 31.

Mkia.

Alifika nyumbani nusu akitembea nusu akikimbia. Mumewe alikuwa anapiga pasi kola.

"Ule utepe niliokuletea juzi, mrefu, uko wapi?"

"Ule wa mita kama kumi na mbili? Ule ulikuwa mzuri. Hauna kiungo."

"Najua hauna kiungo! Uko wapi?"

"Nimefungia suti ya bwana harusi."

"Yuko wapi huyo bwana harusi?"

"Ameoa, ameondoka na mke wake. Mama, kuna nini? Nani anatunza kamba ya suti?"

Bi Wembe alikaa kwenye kiti cha wateja akashika tama. Mumewe alizima pasi, akaja kukaa karibu naye, na aliposikia habari yote hakutania. Alisema tu kwamba yeye suti ikipungukiwa na mkono hatafuti mkono wa suti nyingine. Anakata mkono mpya kwenye kitambaa kile kile, kama kipo.

Jumamosi asubuhi, kabla mwalimu hajafika, mkuu wa vipindi alitoa dawa yake. "Bandika tepu tupu hapo mwisho. Kimya ni kimya."

Bi Wembe alijaribu, ili asije akasema hakujaribu. Noti nane zikalia, kisha tepu tupu ikaingia, na ilikuwa kama mtu amekukatia simu. Wiki moja nyuma asingeisikia tofauti. Sasa aliisikia wazi. Akaibandua.

Mwalimu alikuja saa nne kamili. Alisikiliza yote, macho amefumba, bila kusogea. Kwenye kipande cha saba alifumbua jicho moja. "Mvua," alisema. "Nilikuwa nimeisahau." Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha. Bi Wembe alitazama pembeni, kwa sababu alijua kinachokuja. Noti nane zikalia, utepe ukaisha, gurudumu likazunguka likipiga ncha yake mezani, tap, tap, tap.

Bi Wembe akasimama. Hakumung'unya maneno. Alieleza mkia ni nini, akaeleza duka, akaeleza suti na bwana harusi aliyeondoka nayo. Mwalimu alimsikiliza kwa uso wa mtu anayesoma barua ya msiba. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na alikuwa anacheka, anacheka mpaka akatafuta kitambaa.

"Kwa hiyo mwisho wangu umekwenda harusini," alisema.

"Umekwenda, Mwalimu. Lakini piano ile ile iko studio ya pili. Tunahitaji noti nane tu, mara moja."

Kicheko kikaisha. Mwalimu alitazama mikono yake. "Kulia nina vidole vitatu vinavyonisikia. Kushoto viwili. Hesabu mwenyewe."

"Vitatu natoa mimi."

"Umewahi kupiga piano?"

"Sijaigusa hata kwa kitambaa cha vumbi. Nionyeshe pa kuweka."

Wakaenda. Mkuu wa vipindi alijitolea kuendesha mashine, yeye mwenyewe, nyuma ya kioo, na mkononi ana saa ya kupimia. Mwalimu alikaa katikati, mguu kwenye pedali inayoiacha sauti iendelee kulia, Bi Wembe akabanana naye kwenye kiti upande wa kushoto, wa noti za chini, na mwalimu akamwekea vidole vyake kimoja kimoja: hiki hapa, hiki hapa, hiki kwenye kitufe cheusi. Akamwonya kwamba wakishapiga hakuna kuongea, hakuna kuhema, na kidole kisiinuke mpaka yeye aondoe mguu.

Mara ya kwanza Bi Wembe alipiga kama anayegonga mlango wa mdeni. Mara ya pili alichelewa, noti zake zikaja nyuma kama wageni waliopotea njia. Mwalimu hakukasirika. "Usinitazame mikono," alisema. "Sikiliza pumzi yangu. Nikivuta, na wewe vuta."

Mara ya tatu walivuta pumzi pamoja, na noti nane zikaanguka kama noti moja.

Chumba kilijaa. Kisha sauti ikaanza safari yake. Zile za juu ziliondoka kwanza, Bi Wembe akazisikia zikitoka, halafu za katikati, zikipishana. Mkuu, ambaye maisha yake yote alikimbia koridoni kwa sekunde nne, alisimama nyuma ya kioo kimya kama maji ya mtungi. Sekunde ishirini. Sekunde thelathini. Mwalimu aliinua uso, akashusha mabega. Kwake sauti ilikuwa imekwisha. Goti lake likajongea kuondoa mguu kwenye pedali.

Bi Wembe alitikisa kichwa.

Mwalimu akamtazama. Masikio yake yalikuwa ya miaka sabini na mbili, na yalimwambia kwamba hakuna kitu. Bi Wembe akatikisa kichwa tena, polepole, macho ameyakaza kwenye nyuzi za piano. Bado. Noti moja ya chini, iliyo chini ya kidole chake mwenyewe, ilikuwa bado inakwenda. Mwalimu akauacha mguu ulipo, akafumba macho, akasubiri kwa masikio ya mwenzake. Walikaa hivyo mpaka Bi Wembe alipoinamisha kichwa kusema: sasa.

Mkuu akafungua mlango. "Arobaini na nne," alisema. "Imezidi kumi na tatu. Hizo si tutazikata?"

"Hukati kitu," alisema Bi Wembe.

Mwalimu alivuta ile karatasi ya mwisho kwa kiganja, akaitelezesha juu ya piano mpaka mbele ya Bi Wembe, akamwonyesha ile thelathini na moja kwa kifundo cha kidole.

"Ifute hiyo," alisema. "Mimi siwezi kushika kalamu. Andika ya kwako."